Chumba cha Wawili

Kwa hiyo ndiyo, leo nimechagua bweni la chuo. Kwenye fomu, pale palipoandikwa "chumba cha wawili", nikatia tiki kwa mapenzi yote.

Mume wangu wa wiki tatu, asali wa moyo wangu, akabeba godoro letu la futi tano kutoka nyumbani Kansanga.

Matroni akatutazama kwa huruma.

"Mwanangu, wawili ni wewe na Nakato. Huyu ssebo, bwana wako, anaishia getini."

Nakato, msichana nisiyemjua kabisa, akanipungia mkono kutoka dirishani. Fungate njema kwangu.

Mume wangu akajitwika godoro tena. Nikamfuata.

Nitakuwa natoka nyumbani alfajiri kuwahi darasa. Mlioolewa mkisoma, mliwezaje?

Nakato dada, chumba chote chako. Nitakutembelea kabla mwezi haujaisha.