Lushoto: Wezi wamedhaminiwa na mtendaji, kamanda wa ulinzi wetu anaambiwa aombe radhi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Naanza na wahusika, ili hata asiye na nafasi ya kusoma hadi mwisho aondoke na la msingi. Wanaohusika na wizi ulioitesa kitongoji chetu ni watu wazima wawili: mwenye nyumba moja iliyotelekezwa, na mtendaji wa kijiji, ambaye ni shemeji yake. Si "vijana wasiojulikana". Vijana hao tunawajua mpaka bibi zao.

Majina nayahifadhi kwa kuwa shauri liko kwenye baraza la kata. Mengine yote nitaeleza kama nilivyoyaona, na lile nililoambiwa nitasema nimeambiwa. Nilistaafu nikiwa afisa masjala. Kutia chumvi si kazi niliyofundishwa.

Nyumba yenyewe ipo upande wa juu wa barabara iendayo Kifungilo. Mwenyewe alihamia mjini akaacha ua wa michongoma ukijiotea. Ukafika kimo cha mtu, ukapita kimo cha mtu, ukameza nusu ya njia ya kwenda chemchemi. Ndani wakahamia vijana. Hawakupanga, hawakuomba, hawakulima hata tuta moja la karoti.

Lakini walikula vizuri.

Vitu vikaanza kupotea majumbani. Leo bomba la kupulizia dawa, kesho redio, mara gunia la maharage yaliyokwisha kupepetwa. Kisha akaibiwa Chausiku, ng'ombe wa maziwa wa Mama Zawadi. Huyu ni mama mjane, jirani yangu, na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba yake.

Mkutano wa kijiji ukaridhia tuunde kikundi cha ulinzi shirikishi. Kamanda akachaguliwa Bakari, mkulima wa karoti, mtu wa maneno machache na filimbi kubwa. Mimi nikawa katibu. Tukalinda usiku kucha, na baridi ya milima hii wanaoijua wanaijua.

Hatukukamata hata paka.

Aliyetufumbua macho ni Mama Zawadi. Alikuja kwenye kikao chetu, akasalimia wakubwa kwa heshima zote, halafu akasema:

"Baba zangu, poleni na usingizi. Lakini Chausiku hakuibiwa usiku. Aliibiwa mchana, siku ya msaragambo, mimi niko barabarani na jembe pamoja na ninyi."



Kwa asiye wa huku: msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji. Mbiu ikipigwa, kila nyumba inatoka na jembe au panga. Na kwetu, kufunga kufuli siku hiyo ni kumtukana jirani. Watu wote mko naye kazini, sasa unamfungia nani? Kwa hiyo mlango unarudishwa tu, basi.

Naomba mlielewe hilo vizuri. Mchana tuliziacha nyumba wazi kwa heshima, na usiku tukakesha kuilinda milango iliyokwisha kufungwa. Wasiofika msaragambo hata siku moja walikuwa wale vijana, na hakuna kiongozi aliyewahi kuwauliza.

Nikaenda ofisini kwa mtendaji pamoja na Bakari. Tukamwomba amwite mwenye nyumba aje asafishe ua wake na kuwaondoa watu wale.

"Shikamoo mzee," akaniambia, bila kuinuka.

"Marahaba."

"Mzee wangu, nyumba ya mtu ni mali ya mtu. Wewe umeshastaafu. Kaa nyumbani, ule mapea."

Nilimjibu kwamba nimestaafu utumishi, sijastaafu uraia. Akacheka. Tukatoka.

Msaragambo uliofuata ulitangazwa kuwa wa barabara. Watu wakakusanyika asubuhi, ukungu bado umekaa bondeni, mtendaji akiwa mbele na koti lake. Bakari akapuliza filimbi. Akasema kabla ya barabara tutaanza na njia ya chemchemi, maana kina mama wanachanwa na miiba wakiwa na ndoo kichwani.

Mtendaji akang'aka: "Msaragambo wa leo ni wa barabara!"

Nikamuuliza, "Na njia ya maji, mheshimiwa, ni ya reli?"

Watu wakacheka mpaka wazee wakaegemea majembe yao. Mtendaji akasema ana kikao, akaondoka.

Tukakata. Nilitoa maelekezo kwa sauti, na mashahidi wapo: asiingie mtu ndani ya nyumba, asivunje mtu kitu, tunakata kilichoota juu ya njia ya umma tu. Michongoma ikalala chini. Mchana haujafika, nyumba ile ikabaki uchi. Uwanja wake wote unaonekana kutoka njiani.

Na pale uwanjani ngozi ya ng'ombe ilikuwa imewambwa juani. Nyeusi, baka jeupe ubavuni.

Mama Zawadi alilitazama lile baka. Akasema, "Ni yeye," kisha akaongeza neno la Kishambaa ambalo maadili ya jukwaa hili hayaniruhusu kuliandika.

Wakuu, hapo ndipo walipotokea. Vijana watatu wanateremka kutoka mgongo wa mlima, wanapiga soga, kama kawaida yao ya siku ya msaragambo. Mmoja ana mtungi wa gesi begani. Mwingine kabeba redio ya mama yake Bakari. Walizoea ule ua uwafiche. Wakakata kona, wakakuta kijiji kizima kimesimama mbele ya nyumba yao na mapanga mkononi.

Mmoja, kwa mshtuko, akasema, "Shikamooni."

"Marahaba wanangu," Mama Zawadi akaitikia. "Karibuni. Msaragambo mmechelewa, lakini mmekuja na vifaa."

Hakuna aliyewagusa. Nasisitiza, kwa sababu yanasemwa mengine. Wapo waliotaka kuwapiga, na Bakari alisimama katikati akawaambia, "Atakayempiga aanze na mimi." Waliketishwa chini, polisi wakapigiwa simu, wakaja, wakawachukua pamoja na vitu na ile ngozi.

Tulidhani yamekwisha.

Haikupita wiki, vijana wako nje kwa dhamana. Dhamana ni haki yao, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mdhamini: ni mtendaji yuleyule. Na siku ileile akatangaza kwamba kikundi cha ulinzi kimesimamishwa, na kwamba Bakari ameitwa kwenye baraza la kata kwa kuharibu uzio wa mtu. Nimeambiwa na mjumbe wa baraza kwamba atatakiwa kuomba radhi hadharani na kuipanda upya michongoma.

Nilimfikishia Bakari habari hizo shambani kwake. Aliendelea kupalilia.

"Mzee, radhi nimwombe nani? Ng'ombe?"

Mkewe hacheki. Ana hofu mumewe atalala ndani ilhali wezi wanapita mlangoni wakimsalimia. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyonifanya niandike hapa.

Nilichojifunza ni kwamba mwizi hakai mahali bila kivuli cha mkubwa. Ukimkamata mwizi ukaacha kivuli, umefanya nusu ya kazi.

Wenzangu wa Mtae, wa Kwamkoro na kwingineko, semeni: ulinzi wenu ukisimamishwa na mtu mmoja bila mkutano mnafanyaje? Wanasheria mliomo humu, karibuni mnisahihishe nilipokosea. Matusi msiniletee.

Siku ya baraza Bakari hataingia peke yake. Kila aliyeshika panga siku ile atakwenda, na mimi niliyetoa maelekezo nitatangulia. Kama kusafisha njia ya maji ni kosa, mshtakiwa wa kwanza niandikwe mimi.

Na kwa kuwa najua mtendaji husoma jukwaa hili, namtaka rasmi aitishe mkutano mkuu wa kijiji, asimame mbele ya wananchi, aeleze kwa mamlaka gani amekisimamisha chombo kilichoundwa na mkutano huohuo, kwa nini amewadhamini watuhumiwa wa wizi waliokuwa wakikaa katika nyumba ya shemeji yake, na Mama Zawadi alipwe na nani. Shauri dhidi ya Bakari liondolewe. Hadi atakapojibu, ulinzi unaendelea.