Trekta Aliloweza Kulisikia

Katika miaka ile ambayo mtu hakununua mashine kuukuu kabla ya kuisikiliza, alikuwapo fundi mmoja mrefu, mwembamba, aliyeitwa Daktari. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na madereva wenzake wa shamba kubwa la mahindi, kwa kuwa kila injini ilipougua yeye alichomoa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akaegemeza ncha yake kwenye chuma na mpini wake kwenye sikio, akafumba macho. Wenzake wote walinyamaza. Kisha alitaja ugonjwa, kwa upole, kama anayeogopa kumtisha mgonjwa, "Beringi ya pampu ya maji," akarudi kwenye kikombe chake cha chai kabla hakijapoa. Walipofungua walikuta ndivyo. Siku alizokosea, maana zilikuwapo, walicheka wakasema kwamba hata hospitalini watu hufa.

Lakini matrekta ya wakati ule hayakuwa na kibanda. Dereva alikaa juani, bomba la moshi likiwa limesimama mbele ya uso wake, na ngurumo yote ikamwingia kichwani tangu alfajiri hadi jua kutua. Daktari aliishi hivyo ujana wake wote. Sauti zilipoanza kumtoka hazikutoka kwa kishindo. Ziliaga mojamoja, kama wageni waungwana: kwanza ndege wa asubuhi, kisha kifuniko cha birika kinapochezacheza juu ya moto, kisha wajukuu. Alipostaafu na kujijengea banda la ufundi ubavuni mwa nyumba yake, ukumbi ulikuwa umebaki mtupu, na hakuna aliyejua isipokuwa mkewe.

Watu waliendelea kumletea injini zao. Naye aligundua kwamba akiuegemeza mpini wa bisibisi kwenye mfupa wa taya badala ya sikio, mitikisiko mizito ilimfikia bado, kama hatua za mtu anayetembea chumba cha pili. Kwa hiyo akatibu kwa taya. Katika mazungumzo alitazama midomo, na pale midomo ilipokwenda mbio alijihami kwa majibu matatu aliyoyatunza kama silaha: "Ndivyo ilivyo," na "Mambo ya mashine hayo," na "Mungu ndiye ajuaye." Kwa hayo matatu alivuka harusi, mazishi na vikao vya kijiji. Siku moja jirani alimnong'oneza kwamba anataka kuongeza mke wa pili. Daktari akatikisa kichwa akasema, "Mambo ya mashine hayo." Jirani alicheka mpaka akakaa chini, na kijiji kizima kikamsifu Daktari kwa ucheshi.

Mambo yangeendelea hivyo hadi kaburini, kama si mdogo wake wa kike.

Huyu alikuwa kitinda mimba kwao, aliyebebwa mgongoni na Daktari mwenyewe mama yao alipokuwa shambani. Mumewe alifariki. Baada ya matanga aliiuza nyumba ya mjini waliyoijenga pamoja, akarudi na wanawe katika kiwanja cha wazazi, akiwa na wazo moja tu: kununua trekta lililotumika, alime mashamba ya watu kwa malipo mvua zitakapoanza. Hakuwa na akiba nyingine. Alikuja bandani kwa kaka yake, akakaa juu ya tairi bovu, akasema akimtazama usoni, kama alivyozoea tangu utoto:

"Nyumba ile sasa ni trekta, kaka. Likifa, mimi na watoto tumelala nje. Nenda nami kwenye yadi ya mashine kuukuu unichagulie."

Daktari aliyasoma maneno hayo kwenye midomo yake, neno kwa neno. Akasema, "Tutakwenda."

Asubuhi ya safari alikuwa akifunga kamba za viatu sebuleni alipohisi sakafu ikigonga. Ndivyo mkewe alivyomwita, kwa kupiga mguu chini. Aliinua uso.

"Mwambie wifi," mkewe alisema taratibu, akiipa midomo nafasi.

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto, baba watoto. Mwambie, au nitamwambia mimi."

"Ukimwambia, utakuwa umenizika kabla sijafa." Alilivuta lile fundo la kiatu mpaka kamba ikakatika. "Nimebakiwa na nini kingine, mama? Shamba limenitoa. Macho yanachoka. Nimebakiwa na hilo jina."

Mkewe aliitazama kamba iliyokatika. Alikwenda chumbani akamletea kamba nyingine.

Yadi ya mashine ilikuwa uwanja wa changarawe uliozungushiwa mabati, na chini ya mashine palikuwa na madoa meusi ya oili ya miaka mingi. Dalali aliwapokea akiwa na kofia kisogoni na meno yote nje.

"Karibu mama, shikamoo mzee! Mmekuja kuchumbia au kuoa kabisa?"

"Tumekuja kutazama," alisema dada.

"Kutazama ni bure. Ningetoza kutazama ningekuwa nimejenga ghorofa."

Daktari aliona kinywa kikicheka. "Ndivyo ilivyo," alisema, na dalali akampigia makofi.

Matrekta ya kiasi cha fedha yao yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la bluu, la miaka michache, lenye kibanda cha vioo. Lilitoka katika kampuni iliyofunga shughuli zake, nayo kampuni ilimtaka dalali aliuze haraka hata kwa hasara. La pili lilikuwa jekundu lililopauka kuwa rangi ya tofali, la zamani sana, limepigwa viraka kwenye madigadi yanayofunika matairi. Lilifanana kabisa na yale aliyoyaendesha Daktari ujanani, hadi kovu la rangi mahali dereva anapoweka buti lake.

Waliwasha la bluu kwanza. Daktari aliona kifuniko cha bomba la moshi kikitetemeka, akangoja. Hakuna kilichomjia. Alichomoa bisibisi, akaigusisha kwenye injini, akauleta mpini tayani. Akapata mtetemo mwembamba tu, kama wa mtu anayesali kimoyomoyo. Akahamisha ncha kwenye pampu, kwenye sanduku la gia, kwenye mhimili wa nyuma. Kote kulikuwa na ukimya wa nyumba iliyohamwa. Kama trekta lile lilikuwa na ugonjwa, hakuujua. Na kama lilikuwa zima, hakulijua hilo pia. Aliyafumba macho, kama desturi yake, na dada yake aliyesimama pembeni akawanyamazisha wapita njia kwa kidole.

Kisha wakawasha jekundu.

Ardhi ilitetemeka. Mtetemo ulipita katika soli za viatu, magotini, tumboni, ukamgonga kifuani kama mkono wa rafiki aliyepotea siku nyingi. Hakuhitaji hata bisibisi. Aliiegemeza hata hivyo, na ndani ya mfupa wake pistoni zikapiga moja baada ya nyingine, nzito, bila kukosa, na Daktari alisikia. Macho yake yalijaa maji.

Alipanda akaliendesha kuuzunguka uwanja, akalipandisha kwenye mteremko wa nyuma ya ofisi ili lifanye kazi kidogo. Dada yake alitembea kando. Hapo mteremkoni Daktari alimwona akikunja uso, akitazama chini ya kiti, akipeleka mkono kwenye sikio. Kisha dada akainua macho kumtazama yeye. Daktari alikuwa akitabasamu, maana kiti kilikuwa kikimtikisa kama alipokuwa kijana. Uso wa dada ukakunjuka. Ni kelele za kizamani zimemkera, Daktari aliwaza. Wanawake wa mjini.

Dalali naye, aliyekuwa haishiwi maneno, alikuwa ameshughulika ghafla na kufuta vumbi kwenye kofia yake.

"Kaka, macho yangu yamelipenda la bluu," dada alisema waliposhuka. "Halijachakaa. Na mvua ikinyesha dereva hatalowa."

"Macho hupenda rangi, mdogo wangu. Lile limejaa nyaya. Siku waya mmoja ukigoma, utamngoja mtu wa mjini aje na kompyuta yake, na msimu unapita ukitazama. Hili jekundu, ukiwa na spana na kipande cha waya, linatembea."

Kila neno katika hayo lilikuwa la kweli. Angeweza kuyasema mbele ya mahakama. Alichoficha ni kwamba hayakuwa sababu yake.

"Umelisikiliza vizuri lakini?" Dada alimshika mkono, akamkazia macho.

"Nimelisikia," alisema Daktari.

"Basi. Masikio ni yako, mimi nina macho tu." Akamgeukia dalali. "Tunachukua jekundu."

Mvua zilipoanza, trekta jekundu lilikuwa tayari limekodiwa na nusu ya kijiji. Daktari ndiye aliyeendesha. Siku za mwanzo zilikuwa za furaha ambayo hakudhani angeionja tena: udongo mweusi ukigeuka nyuma ya jembe, kiti kikimpigapiga mgongoni, dada yake akipima mashamba kwa hatua ndefu, sketi ameikunja magotini, akitaniana na wenye mashamba. Jioni alikula kwa hamu. Mkewe alimtazama akila, akajilaumu kwa hofu zake.

Kisha wakaingia kwenye shamba la bondeni, lenye udongo mzito unaonata. Daktari alishusha jembe, akakaza macho kwenye mstari wa mbele, kama dereva mzuri anavyopaswa, bila kutazama nyuma. Trekta lilivuta. Alihisi kiti kikibadili mtikisiko kidogo, akaudhania ni udongo. Akaongeza mafuta. Alikwenda hivyo urefu wote wa shamba, akageuza, akarudi, akageuza tena.

Katikati ya mstari kitu kilimrusha kifua dhidi ya usukani. Gurudumu la nyuma lilikaza, trekta likainamia upande mmoja, injini ikazimika, na ule mpigo aliouzoea mwilini ukakoma. Daktari alishuka akainama. Sanduku la gia lilikuwa limepasuka kutoka chini hadi juu, na oili nyeusi, yenye vipande vya meno ya chuma ndani yake, ilikuwa ikimwagika kwenye mfereji uliolimwa.

Mkono ulimshika bega. Aligeuka.

Dada yake alikuwa amepiga magoti kwenye matope nyuma yake, hana pumzi, kitambaa cha kichwa kimeanguka mbali. Nyuma yake mwenye shamba alikuwa bado anakimbia, mikono juu. Na nyayo zao, Daktari aliona, zilifuata matairi yake tangu mwisho wa shamba, zikageuka pale alipogeuka, zikarudi naye.

"Nimekuita," midomo ya dada ilisema. "Kaka, nimekuita! Lilikuwa linapiga yowe. Hata wanawake wa kisimani wametoka kutazama."

"Sikusikia."

"Nimekuita mpaka lile jina lako la utotoni."

Daktari alijikaza, akapangusa mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu.

"Mdogo wangu, sisikii. Wala si leo tu. Ni miaka."

Mwenye shamba alifika, akafungua kinywa, akaona nyuso zao, akarudi nyuma hatua kadhaa. Dada hakunyanyuka. Aliuliza taratibu sana, akiumba kila neno, na Daktari akatambua kwa uchungu kwamba hivyo ndivyo mkewe alivyozungumza naye.

"Hata kule yadini?"

"Hata kule yadini."

"Mimi nililisikia." Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso kubadilika. "Pale mteremkoni. Lilikuwa linalia chini ya kiti, sauti nyembamba, kama mtoto aliyefungiwa ndani. Nikasema moyoni, hili lina ubaya. Nikakutazama. Nikakuona unatabasamu. Nikasema, kumbe ndivyo yanavyolia. Kama kungekuwa na neno, kaka angenena."

Yale majibu matatu yalimjia Daktari ulimini kwa mazoea, akafunga kinywa.

Vipuri vya sanduku lile havikupatikana. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuvitengeneza tangu zamani, na dalali alisema, mikono mifukoni, kwamba mashine kuukuu ikishatoka getini haina kurudi. Mwenye shamba la bondeni aliwaruhusu kuliacha trekta pale pale, akalima kwa jembe la mkono akilizunguka. Wale wengine waliokuwa wakingoja zamu walikwenda kutafuta pengine. Dada alianza kutoka alfajiri kwenda kupalilia mashamba ya watu, na mwanawe mkubwa akaacha shule ili amfuate. Hakumtukana kaka yake hata mara moja. Bandani hakuletwa tena injini yoyote. Watu walimsalimia Daktari kwa kupunga mkono kutoka mbali, kwa huruma, jambo ambalo hakuwahi kulizoea.

Alasiri moja alimkuta dada ameketi juu ya madigadi ya lile trekta jekundu, jembe la mkono mapajani, akipumzika. Akaketi kando yake. Mahindi ya watu yalikuwa yamewafikia magotini pande zote.

Dada aliinua kichwa ghafla kuelekea barabarani. Daktari alifuata macho yake. Barabara ilikuwa tupu. Baada ya muda ndipo trekta la bluu lilipotokeza kwenye kona, limenunuliwa na mwenye duka la njia panda, likivuta tela lililojaa mbolea, vioo vya kibanda vikimeta. Lilipita mbele yao na kwenda zake, na kwa Daktari lilipita kama kivuli cha wingu.

Dada aliendelea kulitazama mpaka likapotea. Kisha, uso wake ukiwa bado umeelekea huko, akasema jambo fulani. Daktari aliona shavu lake likicheza, na mshipa wa shingo ukisimama na kulala.

Alingoja kama atageuka. Hakugeuka. Naye hakumwomba alirudie.