Wanasema Sufuria Zangu Ndizo Zilizoharibu Akili za Baba Yao

Msimamizi wa ukurasa huu, naomba usinitaje jina. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane, Mkenya kwa kuzaliwa, mwalimu mstaafu, na ninaishi Kawempe, hapa Kampala. Nilikuja kufundisha miaka michache baada ya vita vya 1986, nikaolewa na askari polisi kutoka kaskazini ya nchi hii, mwanamume aliyekuwa amefiwa na mke na kuachiwa watoto watatu. Mimi mwenyewe sikujaliwa kuzaa. Hao ndio niliowalea. Naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu Jumamosi hii watoto hao hao wanakuja kumchukua mume wangu.

Mume wangu amekuwa mtu wa kusahau. Alianza kwa kusahau funguo, ikafuata njia ya kanisani. Siku hizi hutandika kitanda, akakitandua, akakitandika tena asubuhi nzima, kama askari anayesubiri kukaguliwa.

Mwezi uliopita binti yake mkubwa, ambaye hapa nitamwita Akello, alipokea kwenye simu sauti ya mtu anayejiita mtaalamu wa afya. Sauti hiyo ilisema kwamba sufuria za alumini hula ubongo wa wazee, na kwamba wakubwa wanajua lakini wanatuficha. Akello aliwatumia ndugu zake wote kabla ya kunitumia mimi. Niliisikiliza mpaka mwisho, na mwishoni msemaji alitaja nambari ya kuagizia sufuria anazoziuza yeye. Nilimpigia Akello nikamwambia, "Mwanangu, huyu anayetuonya ndiye anayetuuzia."

"Mama mdogo, wewe mwalimu, unajua kubishana," alinijibu. "Sisi hatuko darasani. Hiyo sufuria yako ndio ilikula kichwa ya baba. Mama yetu alikuwa anapika na chungu, baba alikuwa mzima."

"Alikuwa kijana, Akello."

"Wacha. Jumamosi tunakuja na wazee wa ukoo. Tunachukua mzee yetu, anarudi nyumbani."

Neno hilo la sufuria lilinichoma, na niwaeleze kwa nini. Sufuria zangu ni zile nzito za alumini ya kusubu, zinazotengenezwa hapa mjini kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa. Mtaani kwetu mwanamke hupimwa kwa sufuria zake: akizianika uani zikiwa nyeusi, majirani husema nyumba hiyo haina mke. Nami nilikuwa mgeni, tena niliyeingia juu ya watoto wa marehemu, kwa hiyo nilizisugua kwa waya na mchanga kila siku ya Mungu mpaka mtu angeweza kujitazama humo. Ndani yake nilimpikia mume wangu malakwang, zile mboga chachu za kwao zinazoungwa kwa karanga, ambazo dada zake walinifundisha. Anazipenda zikiwa zimelala, nami nilizilaza humo humo kwenye sufuria hadi kesho yake.

Nilimsimulia mama mmoja anayeniuzia nyanya pale Kalerwe. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nnyabo, hata mimi napikia mzee wangu na hiyo hiyo. Mbona njia ya kwa yule mwanamke wake mwingine hajaisahau?" Nilicheka naye, nikarudi nyumbani nikidhani nimepona.

Hata hivyo nilimpeleka mume wangu kwa daktari mmoja upande wa Mengo, nikitaka aniambie kwamba ile sauti ni ya uongo. Hakuniambia hivyo. Alisema, "Mama, hapa yamechanganywa mambo mawili. Kwamba alumini ndiyo inayosahaulisha wazee, hilo halijathibitishwa. Umri wake na shinikizo lake la damu vinanitia wasiwasi zaidi. Lakini sufuria za vyuma chakavu zinaweza kuwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu kweli. Chakula kichachu huyatoa, na kuisugua sufuria mpaka ing'ae huondoa ngozi yake inayozuia. Usizipikie tena."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

"Nikisema ndiyo, nitakuwa nimekudanganya. Nikisema hapana kabisa, pia nitakuwa nimekudanganya."

Damu imechukuliwa ipimwe, lakini majibu hayatatoka kabla ya Jumamosi. Na hata yakitoka, daktari amesema hayataeleza peke yake kwa nini anasahau.

Tangu siku hiyo sijawasha jiko. Ninamlisha ndizi za kuchoma na mayai ya kununua barabarani, naye ananiuliza kama nimeugua. Nikizitupa sufuria hizi, Akello atauliza ziko wapi, na wazee watasema nimekiri. Nikiziacha rafuni, watazikuta zinang'aa na kusema huyu hata hakujali. Akello mwenyewe hataishi na baba yake. Atamwacha kijijini kwa shangazi ambaye haoni vizuri, na mume wangu hajui tena kutafuta choo bila kushikwa mkono.

Jana Akello alipiga simu, nikampa baba yake azungumze naye. Alisikiliza kwa muda, kisha akanirudishia simu akaniambia kwa upole, "Kuna mwanamke analia humu ndani. Msaidie." Hakuitambua sauti ya binti yake. Mimi bado ananiita kwa jina langu.

Ninyi mnaonisoma, nishaurini. Je, nisimame mlangoni Jumamosi nimpiganie, hali mimi mwenyewe sijui kama mkono wangu ndio uliomdhuru? Niwaambie wazee yote aliyoyasema daktari, hata lile linaloniumiza, au ninyamaze? Au nimwache aende? Nijibuni kabla hawajafika, na tafadhali mniambie mnalolijua, si mlilotumiwa.