Breki Nilizofunga Mwenyewe

Fundi baiskeli wa njia panda ya kwetu Kirua alikuwa na tabia iliyonikera. Ukimpelekea baiskeli anaitazama kwanza kimya, kisha anakutazama wewe, kana kwamba ninyi wawili ndio mmeharibika. Kwa kazi ndogo ya kubadilisha raba za breki alitaka fedha za mkungu mzima wa ndizi. Nikaapa kwamba baiskeli yangu nitaitengeneza mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mjuaji na bahili, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba tabia hizo mbili zikikaa kwa mtu mmoja ni hatari.

Miaka hiyo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na baadhi ya majirani walikuwa wameanza kung'oa mibuni kimyakimya na kupanda nyanya. Lakini vipuri, ambavyo nilipokuwa mdogo vilitafutwa kwa tochi, sasa vilitandazwa chini juu ya maturubai pale Moshi mjini: minyororo, spoki, pedeli, gololi ndani ya makopo ya maziwa. Nilikuwa nikichutama pale nikichagua, nikijiona mtaalamu. Nilichagua vya bei ya chini, nikarudi navyo mfukoni nikiwa na furaha ya mtu aliyemzidi fundi akili.

Hasara zilianza mapema. Nilifungua gurudumu la mbele uani, gololi zikamwagika kwenye majani ya migomba, nikaziokota zote isipokuwa mbili. Nilimshuku kuku mmoja mwekundu, nikamfuata nyuma siku mbili nzima nikichungulia anachoangusha. Mama alicheka hadi akakaa chini. Nililifunga gurudumu bila zile mbili, na wiki haikuisha ekseli ikawa imelika, ikabidi ninunue habu nzima, kile kitovu cha gurudumu. Mara nyingine nilikaza spoki kwa ari mpaka rimu ikapinda. Kila mara nilikwenda kwa fundi yuleyule nikiwa nimenuna, nikamlipa anirekebishie marekebisho yangu. Alinitazama tu.

Nimemtaja mama, na kusema kweli habari hii ni yake. Mimi ni kitindamimba. Kwetu kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba, na anayebaki na nyumba anabaki na mama. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka zangu wawili na dada yangu walikuwa Dar es Salaam, wakija Krismasi na kuuliza, kabla hata hawajatua mizigo, kama mama anakula vizuri. Mama mwenyewe alikuwa na miaka sitini na kitu, ana miguu ya chuma. Siku ya soko aliamka, akajitwisha ndizi zake, akashuka na wanawake wenzake wakipiga soga kwa Kichagga njia nzima. Fedha aliyoipata ilikuwa ndogo. Kitu alichokifuata kule chini kilikuwa soko lenyewe: kubishana bei, kujua nani kajifungua na nani kagombana na mkwewe. Alirudi amechoka, amechangamka.

Asubuhi moja ya soko nilikuwa nimetoka kufunga raba mpya za breki, mbele na nyuma. Nilizijaribu pale uani, kwenye tambarare, zikashika vizuri. Mama alikuwa anafunga kilemba, wenzake wanamsubiri mlangoni.

"Mama, leo hutembei," nikamwambia. "Nitakushusha na baiskeli."

"Niache na miguu yangu," akasema. "Baiskeli yako inakula gololi."

Wenzake wakacheka. Hilo likanichoma, mjinga mimi, nikasisitiza. Nikawaambia wale mama watangulie na ndizi zetu, sisi tutawapita njiani. Akapanda kwenye karia, upande upande, akanishika kiunoni. Mpaka leo naijua sehemu aliyonishika.

Kutoka kwetu kwenda kwenye lami ni mteremko mtupu. Mtu wa huku anaweza kuishi na kiti kilichochanika na pedeli iliyobaki chuma, lakini hawezi kuishi bila breki. Tuliwapita wenzake, mama akawapungia mkono. Kwenye kona ya kwanza nilibana, zikashika kidogo, kisha nikasikia kitu kikichomoka. Nikabana tena, chuma kikakwaruza chuma. Raba zote zilikuwa zimetoka. Niliburuza miguu chini hadi soli ya kiatu ikabanduka, nikaona daraja la mfereji linakuja, nikaitupa baiskeli ubavuni. Mimi nilichubuka viwiko. Mama aliangukia jiwe kwa nyonga.

Tukiwa pale chini, kabla wenzake hawajatufikia, alinivuta kola ya shati. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa maumivu.

"Niliteleza nikikata majani ya ng'ombe," akasema.

"Mama, watu wametuona—"

"Walituona tukipita. Hawakutuona tukianguka. Tulirudi nyumbani, nikaenda kukata majani, nikateleza. Ndugu zako wakijua, watasema hunitunzi, watanichukua wanipeleke Dar. Sitaki kufia Dar."

Wenzake walipofika walituona vizuri sana, pamoja na baiskeli iliyopinda. Mama akawaambia jambo kwa Kichagga, maneno machache, wakamwinua. Hakuna hata mmoja aliyeitaja tena ajali ile. Hospitali tulisema majani, na ndugu zangu walipokuja niliwaambia majani.

Baiskeli niliipeleka kwa fundi. Akaishika ile breki. Kila raba hukaa ndani ya kibati chenye ncha moja iliyozibwa na nyingine iliyo wazi. Ncha iliyozibwa inatakiwa itangulie kule rimu inakozungukia, ili ukibana, raba ikandamizwe ndani. Vibati vyangu vyote vilikuwa kinyume. Ukibana, gurudumu linaikokota raba nje.

"Aisee, nani alikufungia hii?" akaniuliza.

"Fundi mmoja wa mjini," nikasema.

Akanitazama.

Mama hakutembea tena zaidi ya kutoka kitandani hadi mlangoni. Nilimpikia mtori, nikambeba nje aote jua, nikawa napita sokoni ili nimletee habari. Sikujua kuzileta. Aliuliza fulani alivaa nini, alisemaje, nami nilikuwa sikutazama. Alikuwa akiinamisha kichwa, anasema basi, si kitu. Hapo ndipo nilipojua nimemharibia nini.

Mwaka wa pili nilikata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikaenda kupiga magoti mbele yake. Kwetu aliyekosewa akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama ni damu imemwagika. Mama alilitazama lile jani, hakuligusa.

"Isale haliletwi na mkosaji mwenyewe," akasema. "Tafuta mtu mzima akuletee, na umweleze kosa. Utamweleza nani?"

Akaniambia niinuke, ng'ombe hajanyweshwa maji.

Alifariki miaka sita baada ya kuanguka, kitandani kwake, kama alivyotaka. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye, nilipewa kazi ya kuandika na kusoma historia ya marehemu siku ya mazishi. Niliandika ukweli. Niliuandika kwa herufi kubwa ili nisipotee mstari: kwamba aliangushwa na baiskeli, iliyotengenezwa na mwanae, aliyekataa kumlipa fundi. Nilisimama mbele ya watu, wale mama wa soko wameketi mstari wa mbele, mikono mapajani. Nikafika kwenye mstari ule. Niliuona, unasomeka vizuri kabisa, na mdomo wangu ukasema kwamba mama yetu aliteleza akikata majani ya ng'ombe.

Wale mama waliinamisha vichwa. Baada ya kufukia kaburi kaka yangu mkubwa alinifuata, macho yamevimba, akanishika bega mbele ya ukoo wote.

"Umemtunza mama, mdogo wangu," akasema. "Sisi sote tumeona."

Nikasema, "Asante, kaka."