Madini ya Kamba

Juma lililopita, nikiwa kwenye foleni katika biro moja ya Walikale, ofisi ya madini, nilimsikia mama mmoja akiulizwa anachimba madini gani. Akajibu: "Sizali."

Mama huyo alikuwa amefukia mashimo ya koltani yaliyoachwa, akapanda sizali, yaani mkonge, juu yake ili asokote kamba za kuwauzia wafugaji wa Masisi. Alitaka tu karatasi ya kuvuna. Karani akamgeuzia daftari na kumwonyesha kwa kalamu mahali shamba lake lilipoandikwa kuwa machimbo.

"Mama, hapa iko karyeri. Mu karyeri hatulime, tunachimba. Ulete madini, ao ung'oe sizali yako yote."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kamba nyeupe na kuilaza mezani.

"Basi andika, Papa. Madini yangu njo hii."

Na karani, mbele ya macho yangu haya mawili, akaandika! Madini: kamba. Rangi: nyeupe. Akainua muhuri, kisha akausimamisha hewani.

"Inabakia kofia ya chuma. Muchimbaji hawezi kuingia mu karyeri bila kofia."

Sote kwenye foleni tukacheka. Mama hakucheka.

"Papa, siku ile karyeri ilifukia bwana yangu, hakuna muntu wa biro alikuja kuuliza kofia."

Kicheko kikatukauka. Karani akaushusha muhuri taratibu kwenye karatasi yake.

Kwa hiyo msiseme tena kwamba ofisi zetu hazijali usalama wa wachimbaji. Zinajali sana, zinangoja tu mashimo yafukiwe kwanza.