Hirizi za Mji Ulioachwa

Hunero alikuwa mtunga shanga, na miaka kumi na miwili aliyoishi katika mji mpya wa mfalme aliihesabu kuwa ndiyo ujana wake wote. Nyumba yao ilipakana na tanuri. Mumewe, Ipuy, alikanda unga wa mchanga mweupe na magadi na vumbi la shaba, akaukandamiza kwenye kalibu, akachoma; Hunero akazitunga hirizi zingali vuguvugu. Mfalme alitaka jua peke yake liabudiwe, lakini wajawazito hawakuacha kuja mlangoni kumtaka Taweret, mungu kiboko mwenye mimba, awasimamie siku ya uchungu. Wenye watoto wachanga walimtaka Bes, kibeti mtoa ulimi, awafukuzie nyoka na nge. Hakuna mtu wa mfalme aliyewauliza.

Kisha mfalme akafa, watu wakahama. Ipuy akapakia kalibu zake mashuani, Hunero akambeba binti yao Wiay, wa miaka mitatu, wakarudi Waset, mji wao wa zamani.

Waset kazi ilikuwa tele, ila Hunero hakupazoea. Hata mkate alisema wa kule ulikuwa laini zaidi. Miaka ikapita, Wiay akaolewa, akashika mimba, na Hunero akamwomba mumewe amchomee Taweret wa buluu, kama yule aliyemvaa yeye alipomzaa Wiay. Ipuy alichoma mara tatu. Zote tatu zilitoka kijani, rangi ya maji ya bwawa.

"Mchanga wa hapa si ule, mama Wiay," alimwambia, amejikalia chini, mikono imepauka kwa magadi. "Nami sitakudanganya."

Basi Hunero akavua ya kwake, iliyomeguka sikio, akampelekea binti yake. Wiay akaikataa.

"Kaa nayo, mama. Mimi nataka hii ya baba. Huko unakokulilia, mimi hata sina kumbukumbu nako."

Yalimchoma maneno yale. Kesho yake akasokota uzi wa kitani, akafunga mafundo saba, akamvisha Wiay kiboko wa kijani.

Mto ulipofurika, Wiay akajifungua salama mtoto wa kike. Wanawake waliokuja kumwona mzazi wakaisifu rangi ya hirizi, wakauliza imetoka wapi. Hunero akasema ni ya hapa hapa, kazi ya mumewe. Halafu, kwa kuwa bia ilikuwapo na hakuna aliyekuwa na haraka, akaanza kuwasimulia habari za jirani yake wa kule mji ulioachwa, mke wa mchonga mawe, aliyefuga bata ndani ya nyumba na kuwaita kwa majina ya mawifi zake.