Shikamoo, Mfanyakazi Wangu

Siku ya kwanza mfanyakazi wangu alipokuja kazini, nilimpikia pilau.

Nilipika kwa mkono wa kulia peke yake, kwa sababu wa kushoto kiharusi kiliuacha unaning'inia kama mkono wa sweta lililoanikwa. Vitunguu nilivibana kwa kiwiko. Niliamka alfajiri, nikafagia sebule nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikakisogeza kiti, nikafagia tena. Nikasugua choo. Nikaoga mwenyewe nimekumbatia chuma cha ukutani kama ndugu aliyerudi safari, nikavaa gauni la kutokea. Na mtu niliyekuwa namsubiri alikuwa anakuja kunipikia, kunifagilia, kunisugulia choo na kuniogesha. Alipofika akakuta kazi zake zote zimekwisha na chakula kiko mezani. Akala. Akasema binzari imepungua.

Nimejaribu sana kutafuta wa kumlaumu kwa jambo hili, na kila nikizunguka najikuta nimerudi mlangoni kwangu.

Huku Texas, mwili ukigoma na kipato huna, serikali inaweza kukulipia mtu wa kukusaidia nyumbani. Njia ziko mbili. Ya kwanza, kampuni inakuletea mtu iliyemchagua yenyewe. Ya pili, wewe unakuwa mwajiri: unamtafuta mtu wako, unamhoji, unamwelekeza, unampangia saa, na mkishindwana unamwachisha. Mshahara unapitia ofisi nyingine. Wewe hela hushiki, unashika ubosi tu. Mratibu wa serikali aliyekuja kunieleza haya, mama mmoja mtaratibu mwenye viatu vya kimyakimya, aliongea Kiingereza chake polepole, nami nikaelewa nusu na kutikisa kichwa kizima. Nimeishia kidato cha nne, lakini somo la kutikisa kichwa nilifaulu vizuri.

Nilichagua njia ya pili kwa sababu ya kwanza nilishaionja. Kampuni iliniletea binti aliyekuwa ananisemesha kama mtoto wa chekechea na kunipa supu ya kopo saa nne asubuhi. Nilitaka mtu wa kuongea naye Kiswahili, anayejua kwamba kuoga ni maji kumwagika, si kupanguswa kwa kitambaa kama meza ya mgahawa.

Na nilitaka kubaki nyumbani kwangu. Hilo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Mdogo wangu wa kike yuko Stafford, upande wa Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, katika nyumba kubwa yenye ubaridi wa kiyoyozi mwaka mzima, na tangu niugue ana msemo mmoja: "Dada, ukianguka tena, nakuja kukuchukua." Chumba ameshakitayarisha, kile kilichopakana na gereji. Ananipenda, sikatai. Lakini nyumba ile ikifika asubuhi watu wote wanatoka, na jioni watoto wake unawasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, tena kupitia mlango uliofungwa. Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Hata nilipokuwa mzima, napanga maboksi ghalani hapa Garland, pembeni mwa Dallas, nilikuwa nikitoka kazini miguu inakimbilia nyumbani kabla yangu. Kiharusi kilinikuta nimeshafanya mazoezi ya kukaa. Chumba changu kimoja, dirisha linalotazama maegesho ya magari, kiti changu, sufuria zilizozoea uzito wa mkono wangu. Nikiondolewa hapa sitakuwa nimehama, nitakuwa nimebebwa.

Kwa hiyo nilihitaji mfanyakazi wa kunizuia nisianguke. Nikamwajiri Mamkubwa.

Si mama yangu mkubwa wa damu. Ni Mamkubwa wa Watanzania wote wa upande huu, mjane, mtu mzima kunipita kwa mbali, anayeishi Plano, mji wa jirani, kwa mwanawe. Jumuiya ikifiwa, yeye ndiye anayeshika mwiko mkubwa, na marehemu akiwa mwanamke, yeye ndiye anayetangulia kumwosha. Alikuwa amechoka kukaa bure kwa mwanawe, vibali vya kufanya kazi anavyo, na mkwewe akaahidi kuwa atamshusha kwangu kila asubuhi akielekea hospitali anakofanya kazi. Mratibu alikuwa ameniachia maswali ya kumhoji. Sikuuliza hata moja. Yeye ndiye aliyenihoji: mimi ni mtoto wa nani, kwa nini sina mume, pazia hili nani alinichagulia, na nilikuwa nakula nini mpaka nikapata kiharusi. Mwisho wa mahojiano nilishukuru sana kwamba nimepita.

Kila asubuhi alibonyeza simu yake mlangoni kuionyesha ofisi kwamba ameingia kazini, akaingia, nami nikasema, "Shikamoo Mamkubwa." Naye akasema, "Marahaba, mwanangu." Sasa niambie, baada ya marahaba, amri inatokea mdomo gani? Nimwamkie kwa heshima zote alizonifundisha mama yangu, halafu niseme, haya, njoo unisugue mgongo? Kwetu mtoto aliyemtuma mkubwa maji ya kunywa alipigwa kofi na maji hakupewa.

Basi nikabuni utaratibu wangu. Naamka kabla hajafika, naoga, nafagia, nasugua choo. Akifika ananiuliza, "Umeshaoga?" Nami najibu, "Nimeshaoga, Mamkubwa." Anakaa kwenye kiti kizuri, anachambua mchele, ananisimulia. Asipewe sifa ya uvivu, maana si mvivu hata kidogo. Akiamua kupika, alipika kwa kipimo alichokizoea, yaani cha msiba. Jokofu langu lilijaa maharage ya kulisha matanga, na mfiwa hayupo.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mkenya, muuguzi, mtu wa zamu za usiku. Yeye ndiye aliyenikatia nyama ya ile pilau, na hajanisamehe tangu alipojua ilikuwa ya nani. Kuta za hapa ni nyembamba, akirudi asubuhi analala huku anasikia kila kitu. Alinisikia nikiburuta kiti, nikigonga ndoo, nikiteleza kidogo na kujishika. Siku moja akaingia bila kubisha, bado na sare zake, akauliza ni nani aliyeajiriwa katika nyumba hii, maana anayesikika akifanya kazi ni mtu mwenye mguu mmoja mzuri. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Jirani, si um-fire tu?"

Nilijaribu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, nikajiachisha kazi mwenyewe mara kadhaa vizuri kabisa. Mamkubwa alipokuja, nikamwomba akae, nikasema nina jambo. Lakini jambo haliingii kabla ya salamu, na salamu haziishi kabla ya kuuliza mwanawe, mkwewe, wajukuu, mguu wake unaouma na dada yake aliyeko Tanga. Tulipofika kwa wajukuu, sauti yake ikabadilika. Akasema kule Plano watoto wanampungia mkono kama mtu wa kituo cha basi. Akasema, "Hapa kwako tu ndiyo nasikia shikamoo, mwanangu. Siku nzima kule, siisikii."

Nilimwachisha kazi? Nilimwomba aje na Jumamosi.

Nikaendelea kuamka alfajiri. Na asubuhi moja, nikiwa nafuta sakafu ya bafu ili Mamkubwa asije akakanyaga maji, mimi ndiye niliyeyakanyaga. Mguu wa kushoto ukaenda zake bila kuaga. Nikajikuta chini, kati ya choo na ukuta, shavu kwenye vigae, mkono mzuri umekandamizwa na mwili. Sikuweza kugeuka. Nikawa natazama sehemu ya nyuma ya choo, ambako, nilikiri, sikuwa nasugua vizuri. Simu ilikuwa mezani. Nikawaza Stafford. Nikakiona kile chumba cha kando ya gereji.

Mlango ukagongwa. Nilikuwa nimeufunga kwa ndani.

Mtu mwenye akili angepiga yowe. Mimi nilivuta pumzi, nikasema kwa sauti niliyoweza, "Karibu Mamkubwa! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Wallahi nilisema sijambo. Maji yamelowa gauni, nyonga inawaka moto, nami nikajibu salamu ikamilike. Akauliza nimeamkaje, nikasema salama. Akauliza kama afungue, nikasema mlango umefungwa, asubiri kidogo. Akasubiri. Nilimsikia akikaa kwenye ngazi kwa adabu zote, kama mgeni anayempa mwenyeji nafasi ya kuvaa. Sijui kingetokea nini kama jirani hangetokea wakati ule akirudi kazini. Akamwuliza Mamkubwa kwa nini amekaa nje. Mamkubwa akasema, anajitayarisha. Jirani akaniita, na sauti zangu anazijua: hii ilitoka sakafuni. Akafungua kwa ufunguo wa akiba niliompa.

Waliniinua wawili. Jirani akanibonyezabonyeza, akasema mfupa hakuna uliovunjika, ila nitaota zambarau ubavuni. Mamkubwa alisimama mlangoni mwa bafu akitazama ndoo, dekio, na mimi. Akauliza polepole, "Kumbe kila siku ulikuwa unahangaika hivi peke yako?" Akasema, "Mimi nilidhani hutaki kushikwa na kizee. Nikasema basi, nitakaa naye tu, asikae peke yake."

Akajifunga kanga kiunoni. Akachota maji. Nikaanza kumwambia asijisumbue, nikamshika mkono, nikaomba radhi, mpaka akakasirika. "Nimeosha watu wengi, mwanangu," akasema, "na wote walitulia kuliko wewe."

Nikatulia. Aliniosha kuanzia kichwani hadi katikati ya vidole vya mguu ule usiosikia, nami nililia, kidogo kwa maumivu na kingine sijui kwa nini. Yalikuwa maji ya kwanza kunimwagikia bila woga tangu niugue.

Ungedhani somo limeingia. Kesho yake alfajiri macho yalifumbuka yenyewe, nikajikuta nimeshafika bafuni, ubavu unaniuma, ndoo mkononi. Sikuwa nimeamua. Mwili uliokataa kunyanyua kikombe haukukataa hilo.

Kuanguka lazima kuripotiwe. Jirani aliripoti, mimi ningeficha. Mratibu akaja na viatu vyake vya kimyakimya, akakaa, akamweka mdogo wangu kwenye spika ya simu kutoka Stafford. Mamkubwa alikuwa kwenye kiti kizuri. Jirani alisimama kututafsiria. Mratibu akaniuliza swali moja tu: mpango unasema uogeshwe kila siku, je, nani anayekuogesha?

Nikisema ukweli, Mamkubwa anaonekana amelipwa kwa kuogesha hewa. Nikidanganya, nilianguka vipi bafuni peke yangu? Nikafungua mdomo, upande wa kushoto ukabaki nyuma kama kawaida yake. Nikasema kwa Kiswahili, "Naogopa kumtuma." Jirani akatafsiri. Mratibu akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole kama huyu mama huwa ananipiga. Ikabidi jirani aeleze kwa kirefu kwamba hakuna kipigo, kuna heshima, na ndiyo hiyo iliyonitupa chini. Mamkubwa aliposikia habari ya kupiga alifunika uso kwa kanga. Nilitamani vigae vile vya bafuni vinimeze. Kwenye spika mdogo wangu akasema, "Dada, basi. Jumamosi nakuja na gari."

Nilitazama dirisha langu. Bosi mzima.

Mratibu akasema kuna njia moja imebaki. Mwajiri asiyeweza kuagiza anaruhusiwa kuweka mtu wa kumwagizia. Halipwi, lakini ndiye atakayepanga saa na kazi, na kuuliza zikikosekana. Mdogo wangu akasema yeye atafanya, akiwa Stafford, na mimi nikiwa Stafford. Kisha jirani akasema yeye yupo, ukuta ni huu huu, na kusikia anasikia hata asipotaka.

Halafu, mbele yetu sote, akamgeukia Mamkubwa. Kwao Kenya bara hawana shikamoo, wanasalimia wakubwa kwa habari yako na maisha yanaendelea. Akasema, "Mum, kesho ukifika, kwanza bafu. Stori baadaye. Na yeye asiguse ndoo."

"Haya," akasema Mamkubwa.

Basi. Haya. Agizo nililolitafuta miezi yote ile lilimtoka jirani kwa pumzi moja, wala mbingu haikuanguka. Mdogo wangu akakubali kungoja, aone. Wakaanza kupangana, bafu saa ngapi, dekio likae wapi, maji yawe ya moto kiasi gani, na hakuna aliyeniuliza mimi kama napenda ya moto. Nilikaa pale katikati, mwajiri, nikisikiliza mgongo wangu ukigawiwa kazi.

Lakini wageni walikuwa watatu nyumbani kwangu, na hawajatia kitu mdomoni. Nikasema basi, ngojeni niwape japo chai. Nikashika mkono wa kiti, nikaanza kuinuka.

"Kaa chini," akasema jirani yangu. "Ukigusa hiyo birika, Jumamosi dadako akuje na lori, na godoro nitabeba mimi."